Geji, chaki au kipimajoto? Kutafuta upepo sahihi wa tairi ukiwa unashindana bila timu

Asubuhi ya siku ya mbio, kabla jua halijapanda, utasikia swali moja kutoka gari hadi gari: "Umeweka ngapi?" Jirani yako ana Subaru kama yako, ameweka psi 30 (psi ndicho kipimo cha upepo wa tairi). Yule wa pili ana Vitz, ameweka 32 mbele na 36 nyuma. Wa tatu anaapa kwamba 26 ndiyo dawa. Wote watatu huenda wako sawa, kila mmoja kwa gari lake, lakini ukiwaiga wanaweza kukuharibia siku nzima. Namba waliyokutajia ni ya tairi baridi, na hakuna anayepiga kona na tairi baridi.

Upepo unaoamua kama gari litashika au litateleza ni ule uliomo ndani ya tairi ikiwa imeshika moto. Wa baridi ni wa kuanzia tu, na hutofautiana kwa gari, kwa hali ya hewa, kwa urefu wa mzunguko, hata kwa gurudumu moja na jingine la gari hilohilo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niweke ngapi" inafaa uulize "nitajuaje?" Hapa nalinganisha njia za kujua, kwa mtu mwenye gari moja analoendea kazini Jumatatu na kushindania Jumapili, tena pesa ya vifaa anaitoa mfukoni mwake mwenyewe.

Uamuzi wangu nautoa mapema. Anza na geji nzuri, daftari na chaki. Ukishaona unarudi mbioni msimu baada ya msimu, nunua kipimajoto cha sindano. Vihisi vya kwenye valvu vina nafasi yake, bunduki ya kupima joto kwa mwanga haina, na naitrojeni usiilipie.

Pa kuanzia

Hewa ikipata joto ndani ya tairi haina pa kwenda, kwa hiyo inasukuma. Kwa upepo wa kawaida wa gari dogo, kila nyuzi 10 za Selsiasi huongeza takriban psi 1.3 hadi 1.5. Tairi iliyoanza na 25 alfajiri ya Nairobi, nyuzi 18, hewa yake ikifika nyuzi 70 na ushee itasoma karibu 32.

Hapo ndipo ushauri wa kuazima unapoanguka. Katika mbio fupi za kupigwa saa, unakimbia dakika mbili tatu, unasimama, unasubiri foleni. Tairi hupanda psi 3 au 4 basi. Siku ya kuzunguka dakika 20 mfululizo hupanda 7 au 8. Watu wawili wenye magari pacha, wote wakitaka 32 ya moto, mmoja ataanza na 28 na mwenzake na 24 au 25, na kila mmoja atamwona mwenzake amekosea.

Kama hujawahi kupima chochote, lenga hivi ukiwa moto: tairi za kawaida za barabarani kwenye saluni nzito, 34 hadi 38, tairi laini za mbio zenye mfereji mchache, 30 hadi 34, gari jepesi kama Vitz au Demio, toa psi mbili au tatu kwenye hizo. Ni mahali pa kuanzia utafutaji, usizichukue kama jibu.

Geji ya mkono na vihisi vya valvu

Geji ya kituo cha mafuta imeangushwa sakafuni mara nyingi kuliko ulivyobadilisha tairi. Nunua yako, yenye kitufe cha kutolea upepo kidogokidogo, na usiibadilishe. Hata kama inasoma psi 1 zaidi ya ukweli, itadanganya vilevile kila siku, na daftari lako litabaki na maana. Anayepima asubuhi kwa geji yake na mchana kwa geji ya rafiki hajapima kitu.

Utaratibu ni mwepesi, ila unataka nidhamu. Pima asubuhi kivulini, gari likiwa limelala. Upande mmoja ukipigwa na jua utasoma psi 1 au 2 juu ya mwingine, nawe utahangaika kurekebisha kosa ambalo halipo. Kimbia. Ukisimama, usizime gari ukaanza hadithi. Shuka na geji mkononi, anza na tairi ileile kila mara, pima zote nne ndani ya dakika moja na nusu. Kisha toa au ongeza hadi kila tairi ifike kwenye lengo lako la moto. Kesho yake alfajiri pima tena zikiwa baridi: hizo ndizo namba zako za kuanzia, na zitakushangaza.

Huu ni ukurasa mmoja wa daftari langu, siku ya mzunguko unaozunguka kama mishale ya saa, dakika 20, lengo 32 kwa zote. Asubuhi zote nne zilikuwa 25. Baada ya kukimbia: mbele kushoto 33.5, mbele kulia 31, nyuma kushoto 31.5, nyuma kulia 29.5. Kona nyingi zilikuwa za kulia, hivyo uzito ulilalia upande wa kushoto na tairi za huko zikafanya kazi kubwa zaidi. Nikasawazisha zote kwenye 32. Kesho yake zikiwa baridi zilisoma 24, 26, 25.5 na 27. Ukiziona namba hizo bila maelezo utamwita fundi wa pancha. Lakini zikiingia uwanjani na kupata moto zinakutana, na gari linageuka sawasawa kushoto na kulia. Hakuna mtu ambaye angenitajia namba hizo kwa kichwa.

Vihisi vya kwenye valvu, vile vidogo unavyofunga mahali pa kifuniko na kuvisoma kwenye kioo kidogo dashibodini, vinafanya jambo ambalo geji haiwezi: vinakuonyesha upepo ukipanda wakati unaendesha. Utagundua, kwa mfano, kwamba tairi zako hukaa pazuri kuanzia mzunguko wa nne hadi wa tisa, kisha zinapita kiasi. Vinaonya pia kuhusu pancha inayovuja polepole, na kwa gari la mbio hilo si jambo dogo. Upande wa pili, vinachelewa kidogo, joto vinaloonyesha ni la kwenye valvu wala si la mpira, na kwenye mawe vinavunjika na kuondoka na upepo wako. Anayekimbia lami kwa vipindi virefu, avinunue baada ya geji. Anayekimbia mbio fupi au vumbi, pesa hiyo aipeleke kwenye mafuta.

Chaki na kipimajoto cha sindano

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa sababu geji inakwambia una ngapi, haikwambii kama hizo ngapi ndizo tairi inazotaka. Ni lazima uisome tairi.

Njia ya bei rahisi ni chaki, au rangi nyeupe ya kupaka raba za shule, ambayo haipukutiki upesi. Chora mstari kuanzia uso wa tairi, upite begani, ushuke ubavuni, sehemu tatu za kila tairi. Tairi nyingi zina alama ndogo ya pembetatu begani. Wanaoshindana huichukua ncha yake kama mahali ambapo uso wa kukanyagia unapaswa kuishia. Kimbia kwa kasi yako halisi, rudi, uangalie mstari umefutika hadi wapi. Umefutika kupita pembetatu na kushuka ubavuni? Tairi inalala kwenye kona, ongeza psi 2. Haujafika pembetatu? Imejaa kupita kiasi, au wewe bado hujaanza kukimbia. Punguza 2 ujaribu tena. Ukikoma kwenye ncha, au unywele tu kabla yake, acha hapo.

Uzuri wa chaki ni kwamba haijali muda. Kwenye mbio za kupanda kilima kwa kupigwa saa, unamaliza juu, unasubiri wenzako wote wamalize, ndipo mnateremka pamoja polepole. Ukifika chini joto limeshaondoka. Mstari wa chaki unabaki ulivyoachwa na kona ngumu kuliko zote. Kwa mbio za aina hiyo naona chaki inakishinda kifaa chochote.

Kipimajoto cha sindano kinataka kitu tofauti. Unachoma ncha yake milimita mbili tatu ndani ya mpira, mahali patatu: ndani, katikati, nje. Lazima iwe mara tu unaposimama, bila kuzunguka polepole kwanza, na uwe na msaidizi wa kuandika wakati wewe unachoma. Halafu unalinganisha katikati na kingo. Katikati ikiwa na joto kuliko wastani wa kingo mbili, tairi imevimba katikati, punguza. Ikiwa baridi kuliko wastani huo, kingo ndizo zinazobeba gari, ongeza.

Siku moja mbele kushoto ilinipa 81 ndani, 86 kati, 77 nje. Wastani wa kingo ni 79, katikati imezidi kwa nyuzi 7. Nilitoa psi 2. Kipindi kilichofuata: 83, 82, 78. Ndani kuwa na joto kuliko nje kwa nyuzi tano hivi ni kawaida ikiwa gurudumu limeinamishwa kidogo kwa juu kuelekea ndani. Usukani ulikuwa mwepesi zaidi kuelewa, pua ikaacha kugoma kuingia kona.

Sasa tazama mahali ambapo chaki inashindwa. Chukua Impreza ambayo kemba yake, yaani mwinamo wa gurudumu, bado ni ya kiwandani, magurudumu yamesimama wima karibu kabisa. Kwenye kona gari linalala na tairi ya mbele inakanyagia bega la nje. Chaki inafutika hadi ubavuni. Unaongeza 2, bado. Unaongeza 2 nyingine, bado. Unafika 42 ya moto, gari linarukaruka kwenye kila kifundo cha lami, breki zinafunga mapema, na chaki bado inakwambia ongeza. Kipimajoto kingekuambia jambo tofauti tangu kipindi cha kwanza: 74 ndani, 78 kati, 89 nje. Katikati iko chini kidogo ya wastani wa kingo, kwa hiyo upepo unahitaji psi 1 au 2 basi. Kinachounguza nje ni mwinamo. Nenda kwa fundi wa alainmenti ainamishe magurudumu, kwa sababu upepo hauwezi kutibu kemba. Nimeona watu wakimaliza mabega ya tairi mpya ndani ya siku mbili huku wakijaza upepo kama kwamba ndio tatizo.

Kwa hiyo: gari lisilobadilishwa kitu, mbio fupi, msimu wa kwanza, tumia chaki na uitumie kwa bidii. Gari ambalo umeanza kulibadilisha springi na kemba, vipindi virefu, na una mwenzako wa kushika daftari, kipimajoto cha sindano kitajilipa kwa tairi utakazookoa.

Bunduki ya infraredi, ile ya kuelekeza na kubonyeza, inavutia kwa sababu ni ya haraka na bei yake ni ya chini. Inasoma ngozi ya tairi tu, na ngozi hiyo hupoa ndani ya sekunde chache unapoingia ukipunguza mwendo. Ya kwanza kupimwa itaonekana ina joto kuliko ya nne, hata kama zote zililingana. Itumie kupimia breki.

Saa haidanganyi, dereva ndiye hubadilika

Wapo wanaosema hawahitaji haya yote, saa inatosha: upepo unaoleta muda mzuri ndio sahihi. Kwa dereva mzoefu ni kweli kabisa. Kwetu wengine kuna tatizo. Tofauti ya psi 2 inaweza kukupa sehemu tatu au nne za kumi za sekunde kwa mzunguko, na dereva wa mwaka wa kwanza hupishana na nafsi yake kwa sekunde nzima bila kujua kwa nini. Tena unazidi kuujua uwanja kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo upepo wa mwisho uliojaribu utaonekana bora daima.

Ukitaka kutumia saa, kimbia na upepo wa kwanza, badilisha, kimbia, kisha rudi kwenye upepo wa kwanza kabisa ukimbie tena. Kama muda wa tatu nao umeboreka kuliko wa pili, aliyeboreka ni wewe, tairi haihusiki. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Na usijisumbue na njia hii mpaka mizunguko yako mitano ya mfululizo iwe ndani ya nusu sekunde.

Hata hivyo usipuuze mwili wako. Tairi yenye upepo mdogo inachelewa: unakata usukani, gari linawaza, ndipo linageuka. Yenye upepo mwingi inaitikia upesi, kisha inaachia ghafla. Na ukishajua lugha hiyo unaweza kuitumia. Gari la kuvutwa kwa mbele, ambalo pua yake inagoma kila kona, mara nyingi hutulia ukiongeza psi 3 au 4 nyuma ili mkia ulegee kidogo. Ndiyo siri ya yule mwenye Vitz wa asubuhi. Ukimwiga kwenye gari la kusukumwa kwa nyuma utajikuta unatazama ulikotoka.

Naitrojeni au hewa ya kawaida

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78 tayari. Faida halisi ya ile ya kununua ni kwamba ni kavu, na hilo la ukavu si maneno matupu.

Kuna asubuhi nilijaza kwenye kituo kimoja cha mafuta nikiwa njiani. Nilitarajia 33 ya moto. Baada ya kipindi cha pili, tairi mbili za mbele zilisoma 39. Nilipobonyeza valvu kiganja kikiwa mbele yake, niliona ukungu, kisha matone. Tangi la kompresa lilikuwa halijatolewa maji kwa muda mrefu, nami nilikuwa nimejaza tairi maji pamoja na hewa. Maji yakiwa ndani na joto likifika nyuzi 80, mvuke wake peke yake husukuma kwa kilopaskali 47, karibu psi 7. Kwenye nyuzi 50 ni psi 2 tu, ndiyo maana huioni barabarani na unaiona uwanjani.

Lakini dawa yake haipo kwenye kifuniko cha kijani, kile kinachofungwa kwenye valvu ya tairi yenye naitrojeni. Tafuta kompresa ambayo mwenyewe huifungulia maji kila asubuhi, pulizia kwanza kwenye karatasi au kiganja, ikiwa kavu jaza. Naitrojeni nayo ina tatizo ambalo halina jibu kwa mtu wa kawaida: ukifika uwanjani na kuhitaji kuongeza psi 2, utaongeza kwa pampu yako ndogo ya umeme, na mara moja umeshachanganya.

Kutoka pwani kwenda bara

Geji hupima tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Mombasa, kando ya bahari, hewa ya nje inasukuma kwa psi 14.7. Nairobi, kama mita 1,700 juu, ni karibu 12. Tairi iliyojazwa 30 Mombasa kwenye nyuzi 30, ikifika Nairobi alfajiri ya nyuzi 15, itasoma 30 na kitu: mwinuko umeongeza karibu 2.7 na baridi imepunguza zaidi ya 2. Utafikiri hakuna kilichobadilika. Ifikapo saa saba mchana, nyuzi 27, gari likiwa limesimama tu, itasoma zaidi ya 32. Anayepakia gari pwani kuja kushindana bara apime upya alfajiri ya siku yenyewe, asitegemee alichoandika nyumbani.

Kwenye vumbi

Kwenye murram mambo haya mengi hayana uzito. Joto halipandi sana, chaki inafutwa na vumbi, kipimajoto hakina cha kusoma. Kinachotawala ni mawe. Watazamaji wa Safari Rally, iliyorudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, wameona mara ngapi pancha ikigeuza matokeo, na wale wana tairi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa autokrosi, yaani mbio fupi za kwenye vumbi, na tairi za kawaida anza kati ya 26 na 30: chini zaidi kwenye udongo laini usio na mawe, juu zaidi kwenye changarawe. Ukishuka kupita hapo, rimu inagonga jiwe na kupinda, au mdomo wa tairi unatoka kwenye rimu katikati ya kona. Hapo geji na macho vinatosha: baada ya kila raundi kagua mabega na kingo za rimu kwa mkono, kidole kikipita taratibu kutafuta mchubuko.

Jambo moja la mwisho kwa anayerudi nyumbani na gari lilelile. Tairi ulizopunguzia upepo zikiwa moto zitapoa njiani, na 32 yako itakuwa 24 ifikapo jioni, huku ukiwa na familia ndani na mwendo wa barabara kuu. Toka uwanjani na pampu, jaza hadi namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na alfajiri ya kesho ihakikishe tena zikiwa baridi.